Moyo kuruka, magnesiamu na dawa za asili: maswali mnayoniuliza dukani kila siku

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mie nauza dawa hapa Mjini Unguja, nimesomea dawa, si daktari wa moyo, na kwetu ni Wete, nusu ya watu wangu bado wapo huko. Tokea zile video zinazosema magnesiamu, moja ya chumvi za mwilini, inatibu moyo kuruka zianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp haipiti siku bila ya mtu kuniwekea simu juu ya kaunta nisikilize halafu aniulize kama chupa hiyo ninayo. Foleni ipo nyuma yake, namjibu nusu nusu, anaondoka na nusu hiyo hiyo, na jambo la moyo halitaki jibu la mbio mbio. Ndo nimekaa nikaandika yote hapa, soma taratibu na umsomee na mzee nyumbani.

Moyo wangu unaacha pigo, kimya, halafu unapiga mmoja kwa nguvu mpaka kooni nausikia. Ndo magnesiamu imepungua?

Huenda, lakini kwa wengi sio. Hicho unachokisikia mara nyingi ni pigo la ziada, yani moyo umepiga kabla ya wakati wake, pigo lile la mapema ni dogo hulisikii, kisha moyo unasubiri kidogo, unajaa damu, na linalofuata linakuja na kishindo. Watu wenye afya njema kabisa wanayapata hayo, hasa wakikosa usingizi, wakiwa na homa, wakiwa na khofu au mama akiwa mjamzito, na kama moyo wenyewe umeumbika vizuri kwa kawaida hayadhuru. Tabu ni kwamba sie tunasema "moyo unaruka" kwa mambo matatu manne tofauti. Kuna huyo wa pigo la ziada. Kuna anayekwenda mbio ghafla kama mtu kabonyeza swichi na anaacha ghafla vile vile. Na kuna yule ambaye mapigo hayana mpango hata kidogo, moja refu, mawili mafupi, jengine halikamatiki, huyo vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga, na kwenye cheti utaona daktari kaandika AF. Huyu wa mwisho ndo anayenitia wasiwasi mie, na nitarudi kwake.

Sasa nitajuaje wangu ni upi?

Kaa kitako dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kiganja, upande wa kidole gumba, hesabu dakika nzima, usihesabu robo ukazidisha kwa nne maana moyo usio na mpango utakudanganya. Mtu mzima aliyetulia ni baina ya 60 na 100. Sikiliza na mwendo wake, je unakwenda kama saa na mara moja moja unajikwaa, au haushiki mdundo kabisa? Andika kwenye karatasi na saa uliyohesabu. Lakini jibu la kweli linatoka kwenye ECG, kile kipimo wanachokubandika vishikio kifuani na karatasi inachora, hakiumi na ni cha dakika chache. Hapa Unguja nawaelekeza Mnazi Mmoja, kwa Pemba uliza Chake au Abdalla Mzee Mkoani. Na ukiweza nenda wakati moyo unafanya hio kazi yake, kwani ukifika umetulia karatasi itatoka safi na utarudi nyumbani unajiona muongo. Mtu asinunue chupa yoyote kwangu kwa ajili ya moyo kabla ya karatasi hio, nawaambia hivo na nauza mie mwenyewe.

Ni lini nisingoje hata kuhesabu?

Ukizimia au ukikaribia kuzimia, kifua kikibana, pumzi ikikata, moyo ukienda mbio hautulii, au mdomo ukienda upande, mkono ukalegea, maneno yakavurugika. Hapo ni spitali sasa hivi, usiku au mchana, mtu asikukande wala asikupe kitu cha kunywa.

Magnesiamu inafanya nini hasa kwenye moyo, au ni maneno ya biashara tu?

Si maneno ya biashara, kazi yake ni ya kweli kabisa. Moyo una umeme wake, na umeme huo ni chumvi zinazoingia na kutoka kwenye seli: sodiamu, potasiamu, kalsiamu. Kila seli ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, na pampu hio bila ya magnesiamu haifanyi kazi. Vile vile magnesiamu inasimama mlangoni kuzuia kalsiamu isiingie ikapita kiasi. Ndo maana mtu aliyepungukiwa na zote mbili akipewa potasiamu peke yake haipandi, inatoka na mkojo, mpaka magnesiamu irudishwe nayo. Mwili mzima unayo kama gramu 25, zaidi ya nusu ipo mifupani, na kwenye maji ya damu haifiki hata asilimia 1, kwa hio kipimo cha damu kinaweza kutoka kizuri na huku ghalani mna upungufu. Kikitoka kibaya lakini, ujue kweli imepungua.

Basi nani anapungukiwa? Mzee anayetumia vidonge vya mkojo kama Lasix au haidroklorothayazidi kwa ajili ya presha au miguu kuvimba. Anayemeza omeprazoli ya vidonda vya tumbo mwaka wa pili sasa bila ya kupumzika (Marekani walitoa onyo rasmi kuhusu hilo mwaka 2011, na hapa kwetu watu wanaila kama peremende). Mwenye sukari isiyoshikika. Aliyeharisha siku nyingi. Na mnywaji wa pombe. Kama wewe ni mmoja wa hao na moyo unaruka, mwambie daktari neno hilo hilo, "natumia omeprazoli", wengi hawasemi kwa sababu wanaona ile si dawa.

Kwa hio nikimeza itanitibu?

Ikiwa umepungukiwa, kuirudisha kunaweza kutuliza moyo kweli na nimewaona waliopata nafuu. Ikiwa hukupungukiwa, sina cha kukuahidi. Vidonge vya magnesiamu kwa mtu mwenye AF havijaonyeshwa kuwa vinairudisha kwenye mpango au vinazuia isirudi, na anayekwambia vinatibu anauza.

Nimesikia spitali wanaitoa kwa sindano, mbona mnasema haitibu?

Wanaitoa, na inaokoa. Kuna aina moja ya moyo kwenda mbio ambayo mawimbi yake kwenye ECG yanajisokota kama kamba, hio dawa yake ya mwanzo ni magnesiamu ya mshipani, kawaida gramu 2. Na mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba anapewa hio hio. Lakini ile inaingia yote kwenye damu kwa wakati mmoja, mtu yupo kitandani na nesi anamwangalia pumzi na mkojo wake. Kidonge cha nyumbani kinapita tumboni na nusu yake na zaidi inatoka chooni. Jina moja, kazi mbili.

Baba yangu kaambiwa ana AF na anatumia wafarini. Jirani anasema aiwache, ni sumu ya panya, atumie magnesiamu na habasoda. Unasemaje?

Hapa naomba unisikilize vizuri maana hili limeingia nyumbani kwetu.

Ni kweli wafarini ilianza kuuzwa kuulia panya mwaka 1948, ikaja kutumika kwa watu 1954, na kinachotenganisha sumu na dawa hapo ni kiasi, ndo maana mgonjwa anapimwa damu, ile INR inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, na wengi wanatakiwa wawe baina ya 2 na 3. Kwenye AF vyumba vya juu havisukumi, damu inatuama kwenye pembe ya moyo, inaganda, kipande kinachomoka, kinapanda kwenye ubongo. Mwenye AF yupo kwenye khatari ya kiharusi kama mara tano ya mtu asiyenayo. Wafarini haikuwekwa pale itulize mapigo, imewekwa damu isigande. Magnesiamu hata ikituliza mapigo yote yakawa kama saa, haigusi damu ile iliyotuama. Ni kazi mbili tofauti kabisa na moja haiwezi kushika nafasi ya nyengine.

Baba yangu mie alikuwa Wete, anatumia wafarini yake vizuri, mimi nipo Unguja nasoma. Akakutana na mtu kwenye meli akamuuzia chupa mbili na maneno hayo hayo ya panya. Akaacha dawa bila ya kumwambia mtu, na wiki tatu hivi alikuwa akinipigia simu ananambia moyo umetulia, najihisi kijana, na mie nikafurahi. Alfajiri moja ameinuka kutia udhu, kopo likamdondoka, akainama kuliokota mkono ukawa hauna khabari naye. Mama alipomuita akajibu sauti bila ya maneno. Leo anatembea kwa bakora, mkono wa kulia haukurudi, na alikuwa fundi wa kuchonga milango. Yule aliyemuuzia sijui kama anajua. Ndo maana mtu akiniuliza hili simkatizi, hata foleni ifike barabarani.

Kama wafarini inamsumbua baba yako, au INR haikai, kuna dawa mpya zaidi za kuyeyusha damu ambazo hazihitaji kupimwa kila mara, daktari anaweza kumbadilishia. Isipokuwa ikiwa mlango wa moyo umebanwa kwa ugonjwa wa rumatiki, huyo wafarini ndo bora kwake, utafiti mkubwa uliotoka 2022 uliangalia wagonjwa wa namna hio, na wengi wao walikuwa nchi kama zetu, na wafarini ikashinda.

Mie daktari kakubali nijaribu. Ninunue ipi na kiasi gani?

Soma chupa nyuma, usisome mbele. Mbele wameandika 500 kwa herufi kubwa lakini swali ni magnesiamu yenyewe ndani yake ni kiasi gani, kwa sababu imefungwa na kitu chengine. Ya oksaidi ina kama asilimia 60 magnesiamu lakini mwili unaichukua kidogo na inaharisha, ya sitreti kama asilimia 16 na inachukuliwa vizuri zaidi, ya glisineti kama 14 na hio tumbo linaivumilia. Mtu mzima anahitaji kwa siku, chakula na vyote, miligramu 400 hadi 420 mwanamme, 310 hadi 320 mwanamke. Ya kuongeza kwa vidonge Wamarekani wameweka mwisho 350, Ulaya wapo chini zaidi, 250. Anza na kidogo, kula na chakula, na tumbo likianza kuendesha punguza, maana kuharisha kwenyewe kunatoa magnesiamu na potasiamu na utakuwa umerudi nyuma ya ulipoanzia. Na angalia kama chupa imesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, zile zinazouzwa kutoka ndani ya mkoba mie sijui ndani mna nini na anayeuza hajui pia.

Nani asiiguse?

Mwenye figo mbovu. Figo ndo zinazotoa magnesiamu iliyozidi, zikishindwa inajikusanya, presha inashuka, misuli inalegea, moyo unakuwa mzito mzito na unaweza kusimama. Wazee wengi wa presha na sukari figo zao zimechoka na hawajui, pima kwanza. Vile vile ambaye moyo wake unakwenda polepole mno au kaambiwa umeme wake umekatika njiani.

Natumia na dawa nyengine, zitagombana?

Doksisaiklini na siprofloksasini, dawa za kuua vijidudu, zinashikana na magnesiamu tumboni na dawa haiingii, kwa hio meza dawa masaa mawili kabla, au masaa sita baada ya magnesiamu. Dawa ya rovu, levothairoksini, iachie masaa manne. Anayetumia digoksini, dawa ya moyo, awe makini zaidi, magnesiamu na potasiamu zikipungua digoksini inageuka sumu haraka. Na maadamu nimeitaja, digoksini yenyewe imetoka kwenye mmea, mganga wa Kiingereza William Withering aliandika habari zake mwaka 1785, majani ya ua la bustanini, na majani hayo hayo ukizidisha yanaua. Nawakumbusha hilo wanaonambia "ya asili haina madhara".

Basi habasoda, thomu, tangawizi, manjano, karafuu?

Kwenye chakula kula, sie ni watu wa viungo na pilau bila ya karafuu si pilau. Ninachokihofia ni vidonge na mafuta yaliyokolezwa, vijiko vitatu vya thomu iliyotwangwa kila asubuhi, manjano ya kapsuli, mafuta ya karafuu ya kunywa, kwa mtu aliyekwisha kuwa kwenye dawa ya kuyeyusha damu. Hivyo vinaweza kuzidisha kutoka damu, unashtukia fizi, mkojo mwekundu, au damu kichwani. Habasoda inateremsha presha kidogo, kwa hio na vidonge vya presha juu yake unaweza ukainuka kitandani ukaanguka. Usiache kumwambia daktari kwa kuona haya, mwambie tu, dokta, natumia habasoda kijiko kimoja, naye atapima.

Urukususu ndo wa kuepuka kabisa kama moyo wako haujatulia. Watu wanautafuna kwa kikohozi na tumbo, ni mtamu, lakini ukiutumia kwa wingi unateremsha potasiamu na kupandisha presha, na hivyo viwili pamoja ndo njia ya kuuvuruga moyo.

Na kwa wa wafarini, mboga za majani zina vitamini K inayopingana nayo. Usiache mchicha, kisamvu wala matembele, ila kula kwa kiasi kile kile kila wiki. Anayeharibu ni yule anayekaa wiki nzima bila ya jani halafu Ijumaa anakula sufuria.

Mafuta ya samaki ya omega tatu si ni mazuri kwa moyo?

Hili limewageuka wengi. Kwenye utafiti mmoja mkubwa wa watu zaidi ya 8,000, waliopewa omega tatu iliyosafishwa, gramu 4 kwa siku, waliolazwa kwa AF walikuwa asilimia 3.1 na ambao hawakupewa 2.1. Kuna mengine waliyofaidika nayo, lakini kama tatizo lako ndo hilo la AF usinunue kapsuli kwa kubahatisha. Samaki mwenyewe kula. Mtu wa Pemba kununua mafuta ya samaki kwenye chupa kutoka ng'ambo na huku jodari na vibua vinashushwa pwani, mie linaniuma.

Kwani magnesiamu haipo kwenye chakula?

Ipo tele, na ndo ninapoanzia mie na kila mtu. Konzi ya korosho, gramu 28, ina kama miligramu 74. Njugu kiasi hicho hicho kama 48. Mbegu za maboga zimezidi zote hizo, na sie tunazitupa, zioshe zianike uzikaange kavu. Ufuta, mbaazi, choroko, kunde, mchicha, mlonge. Ndizi mbivu moja kama 32, ndogo si haba, na juu yake inakupa potasiamu, na dafu pia linayo potasiamu nyingi. Chukua mbaazi za nazi asubuhi, mchicha mchana, konzi ya korosho jioni, umefika mbali bila ya chupa. Ila mwenye figo mbovu au anayetumia spironolaktoni, kidonge cha mkojo kinachobakisha potasiamu mwilini, asijimiminie madafu na ndizi, potasiamu ikizidi nayo inasimamisha moyo.

Kahawa ya barazani niache? Na tambuu?

Kahawa kwa wengi haina neno. Wamarekani walichapisha utafiti 2023, watu wazima 100, siku za kunywa kahawa mapigo ya ziada ya vyumba vya juu hayakuongezeka kwa maana, ya vyumba vya chini yaliongezeka, na usingizi ulipungua kama dakika 36. Kwa hio jiangalie mwenyewe, acha wiki mbili uone, na vikombe vya baada ya Isha ndo vya mwanzo kupunguza. Tambuu yenye tumbaku, kuberi, mirungi na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, hivyo acha, moyo unakwenda mbio navyo na hakuna magnesiamu itakayoushika huku unauchochea.

Ramadhani nitafanyaje?

Tatizo kubwa ni maji, mwili ukikauka moyo unaruka zaidi. Kunywa kidogo kidogo baina ya futari na daku, usiache daku, na nenda kwa daktari mwezi wa Shaabani akupangie upya saa za dawa. Vidonge vya mkojo ndo vigumu zaidi kwenye saumu. Na akikwambia usifunge, ruhusa ipo kwa mgonjwa.

Binti yangu ana miaka 13, akipanda ngazi za skuli moyo unamwenda mbio na kifua kinabana, usiku anakohoa. Nimeletewa magnesiamu ya watoto, nimpe?

Usimpe, dada yangu. Muulize kama aliwahi kuumwa koo halafu viungo vikavimba, goti leo kiwiko kesho. Koo la namna hio lisipotibiwa linaweza kuharibu milango ya moyo, huo ndo ugonjwa wa rumatiki nilioutaja, na unashika watoto kabla ya wakubwa. Inaweza pia ikawa damu imepungua tu, mtazame ndani ya kope za chini na ulimi kama vimekuwa vyeupe. Vyote viwili vinaonekana kwa vipimo, damu, ECG na eko ya moyo, ile picha ya mawimbi ya sauti, na ikiwa ni rumatiki ikajulikana mapema anapewa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne ili moyo usiumie zaidi, na ikihitaji kurekebishwa mlango anapelekwa Dar kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mpeleke kesho asubuhi, asiende skuli, nenda naye wewe mwenyewe na chukua na hio chupa ukamwonyeshe daktari.